Siku nne kambini na mbwa: kumfunga bila kumuumiza

Siku ya kuandaa

Safari ni ya kambi tatu kwa siku nne: msituni, kwenye ufukwe wa mchanga kando ya ziwa, kisha kwenye mwinuko wa mawe. Mbwa ni jike mzima wa kilo 25, kimo chake sentimita 55 begani, mwepesi wa kukimbiza chochote kinachokimbia. Vipimo vyote vinavyofuata ni vya mbwa wa kimo na uzito huo. Mwenye mbwa tofauti apime wake, asinakili.

Tunaogopa kamba ndefu kuliko kamba dhaifu. Watu humpa mbwa mita 8 au 10 wakidhani wanampa uhuru, kumbe wanampa nafasi ya kushika kasi. Mbwa wa kilo 25 akifika mwisho wa kamba kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, na akasimamishwa ndani ya sentimita 10, nguvu inayompiga mwilini ni sawa na uzito wa kilo 320 hivi. Akisimamishwa taratibu ndani ya sentimita 50, nguvu hiyo inashuka hadi kilo 64. Mwendo ukiongezeka maradufu, pigo linakuwa mara nne. Kutokana na hesabu hiyo, kamba ya chini, yaani ile inayofungwa kwenye nanga ardhini, haitazidi mita 2, na ndani yake kutakuwa na kipande cha mpira.

Pigo hilo halipaswi kufika shingoni hata mara moja. Mbwa anafungwa kwa mkanda wa kifua wenye umbo la herufi Y mbele, pete ikiwa mgongoni. Vidole viwili vipite chini ya kila mkanda bila kulazimishwa, na ule wa ubavuni ukae sentimita 5 hivi nyuma ya kiwiko. Ukisogea mbele ya hapo unachubua kwapa kwa siku moja tu. Mbwa anayejua kujichomoa hurudi nyuma huku ameinamisha kichwa, na mkanda unapita juu ya masikio yake. Kwa huyo tafuta mkanda wenye kamba ya tatu nyuma ya mbavu, au unganisha pete ya mgongoni na kola kwa uzi mfupi uliolegea, ambao utakaza pale tu mkanda wa kifua utakapovuka kichwa.

Kola inabaki shingoni kwa kazi moja: kibao chenye namba ya simu. Kola za kukaba, za miiba na mikanda ya puani haziruhusiwi kabisa kwa mbwa aliyefungwa mahali. Kama mbwa ana chipu chini ya ngozi, ile yenye namba ya tarakimu 15, hakikisha leo kwamba namba ya simu iliyosajiliwa nayo bado inatumika. Chipu yenye simu ya zamani haimrudishi mbwa nyumbani.

Vifaa vingine ni hivi: mita 15 za kamba ya poliesta yenye unene wa milimita 10, mikanda bapa miwili ya upana wa sentimita 5 kwa ajili ya miti, vitanzi viwili vya kamba ya milimita 6, karabina nne (vishikizo vya chuma vyenye mlango) za kufunga kwa skrubu, pete mbili zinazozunguka, kipande cha kamba ya mpira chenye kamba ya kawaida ndani yake, ili mpira ukikatika mbwa asiondoke, na waya wa chuma wa mita 2 uliofunikwa plastiki, kwa mbwa anayetafuna. Karabina za kupandia milima zimechongwa maandishi ya nguvu zake ubavuni, kwa kawaida kN 20 (kilonyutoni 20, sawa na uzito wa tani 2 hivi) au zaidi kwa urefu. Zile ndogo za rangi za kuning'inizia funguo zinafanana nazo, lakini hazifai hapa. Klipu za kusukuma kwa kidole gumba nazo zina udhaifu: zikibanwa dhidi ya pete au jiwe hujifungua zenyewe.

Kamba inayojikunja ndani ya kishikio cha plastiki ibaki kwa matembezi. Uzi wake mwembamba hukata ngozi, na breki yake haikutengenezwa kubeba mbwa saa nzima.

Kuna jambo ambalo haliwezi kufanyika siku moja kabla: mazoezi. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa mahali hujifunza kwa hofu akiwa porini. Anza wiki moja mapema, dakika 5 ukiwa umekaa karibu naye, kisha 10, kisha 30, akiwa na kitu cha kutafuna. Atazoea kwamba kamba ikikaza, hatua moja nyuma inailegeza.

Siku ya 1: msituni

Kabla ya kufunga chochote, soma kanuni za kambi. Maeneo mengi yana kikomo cha urefu wa kamba na yanakataza kumwacha mbwa amefungwa peke yake. Katika hifadhi za taifa za Marekani, kwa mfano, kikomo ni futi 6, takriban mita 1.8. Mahali kama hapo mfumo wa kamba ya juu huenda usiruhusiwe, na mbwa anakaa kwenye kamba fupi karibu na kiti chako.

Hapa unaruhusiwa, na miti ipo. Kamba ya juu ndiyo tunayoipenda kuliko zote kwa sababu haiburuziki ardhini wala haimfungi miguu. Chagua miti miwili hai, minene kuliko paja, iliyoachana mita 9 hivi. Tazama juu kwanza: tawi kavu linaloning'inia juu ya eneo la mbwa linatosha kukuhamisha. Tazama chini pia, uondoe chupa zilizovunjika, mifupa ya kuku, ndoana, na visiki vifupi ambavyo kamba ingevinasa.

Zungushia kila shina mkanda bapa kwenye kimo cha mita 2 au zaidi kidogo. Kamba nyembamba ikifungwa moja kwa moja kwenye mti hukata gome, na mti unaojeruhiwa kila wiki na wageni hufa. Kimo hicho pia kinazuia mtu anayetembea gizani asikamatwe shingoni.

Sasa kukaza. Hapa wengi huvuta hadi kamba inalia, na ndipo wanapoharibu. Kamba iliyonyooka ikivutwa katikati kwa ubavu huzidisha mzigo. Ikiwa inapinda kwa digrii 5 tu, kila upande unabeba karibu mara 5.7 ya nguvu ya mbwa. Kwa digrii 10 ni mara 2.9. Ndiyo maana fundo linalotosha mchana kutwa hufunguka ghafla mbwa anapomwona kindi. Kwa kamba ya mita 9, iache ilegee kiasi kwamba ukiivuta katikati kwa mkono inapinda sentimita 80. Ulegevu huo ndio unaompokea mbwa taratibu, kwa hiyo kipande cha mpira hakihitajiki hapa.

Vizuizi vya mwisho, vinavyozuia kamba ya mbwa isiteleze hadi mtini, ndivyo vinavyosahaulika au kuwekwa vibaya. Kitanzi cha kamba ya milimita 6 kinazungushwa mara tatu kwenye kamba kubwa na kupitishwa ndani yake chenyewe. Ni fundo la Prusik ambalo wapanda milima wanalijua, linasogezwa kwa mkono likiwa limelegea na linakaba likivutwa. Funga moja kila upande, karabina yenye kamba ya mbwa ikiteleza katikati yake. Umbali gani kutoka kwenye mti? Wengi huweka mita 1, na bado mbwa anazunguka shina hadi anabaki na kamba ya nusu mita. Hesabu ni hii. Kamba inayoshuka ina urefu wa mita 2.3. Kutoka kimo cha mita 2 hadi mgongo wa mbwa aliyesimama ni mita 1.45. Akiivuta hadi ikaze, pete yake inafika mita 1.8 mbele ya kizuizi. Kwa hiyo kizuizi kinakaa mita 2.2 kutoka kwenye shina, si chini ya hapo. Zinabaki mita 4.6 za kuteleza, nazo zinatosha.

Urefu huo wa mita 2.3 haukuchaguliwa kwa kukisia. Mbwa akisimama chini ya kamba, ulegevu unaning'inia sentimita 12 kutoka ardhini, hauingii miguuni. Akilala, unagusa ardhi kidogo tu, na anaweza kuweka kichwa chini bila kuvutwa. Kamba inayomzuia kulala kabisa ni mateso. Inayolala chini mita nzima itamfunga mguu wa nyuma. Pete inayozunguka inawekwa juu na nyingine chini, kwa sababu mbwa hujizungusha kabla ya kulala, na kamba isiyozunguka hujisokota hadi inafupika.

Katikati ya mfumo huu mbwa anafika karibu mita 2.6 kila upande, ukijumlisha kupinda kwa kamba. Ongeza mita 1 kwa mwili wake. Kipimo hiki cha mwisho watu hukisahau: karabina iko mgongoni, na akigeuka makalio yake na mkia vinafika mbali kuliko pete. Ukanda wote huo, mita 3.6 kila upande, uwe mtupu: hakuna kamba za hema, jiko, meza wala kiti. Moto unakaa mita 7 kutoka kwenye kamba. Nailoni na poliesta huyeyuka, na cheche moja inatosha kuacha kidonda kwenye kamba ambacho hutakiona hadi asubuhi.

Usifunge kwenye meza, kiti, sanduku la barafu, nguzo ya hema au gari litakaloondoka. Meza inayoburuzwa nyuma ya mbwa inamtisha, naye anakimbia zaidi, na anachokikimbia kimefungwa mgongoni mwake.

Jaribio la mwisho ni la mwili wako. Jifunge kwenye karabina ya mbwa, tembea haraka hadi mwisho pande zote nne, uegemee kwa uzito wako wote. Kisha kaza upya. Mafundo mapya hulegea mara tu baada ya mzigo wa kwanza.

Siku ya 1, jioni

Maji yanawekwa ukingoni mwa ukanda, si katikati, maana kamba inafagia katikati na kumwaga bakuli. Tumia bakuli pana na zito. Kwa siku ya kawaida mbwa wa kilo 25 anahitaji karibu lita 1.3 hadi 1.5, siku ya joto au ya kutembea sana, zaidi ya hapo.

Gizani kamba haionekani. Funga utepe unaoakisi mwanga kila mita moja kwenye kamba ya juu, na taa ndogo kwenye mkanda wa mbwa.

Kwa usiku jibu letu ni moja: mbwa halali nje akiwa amefungwa. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia mnyama mkali, nyoka wala mbwa mwingine, na kelele zake zinavuta badala ya kufukuza. Analala ndani ya hema, au ndani ya gari lenye hewa na ubaridi. Vua mkanda wa kifua ili ngozi ipumue. Mwache na kola. Vishikio vya zipu ya hema viunganishwe kwa karabina ndogo, hapa zile za funguo zinafaa, kwa sababu mbwa wengi hujifunza kufungua zipu kwa pua usiku wa kwanza.

Kabla ya kulala mpekue kupe: masikioni, kwapani, kati ya vidole, chini ya mkia, na pale mkanda ulipokuwa. Kupe anashikwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kuvutwa moja kwa moja, bila kumpaka mafuta wala kumchoma.

Siku ya 2: ufukweni

Hakuna miti, na udongo wote ni mchanga. Kigingi cha kuzungusha kama skrubu, kile cha sentimita 40 au 45, hushika vizuri kwenye udongo mgumu wenye majani. Mchangani kinashika kwa dakika chache, kisha kila mvuto unapanua shimo lake. Kikitoka ni hatari kuliko kutofunga kabisa: mbwa anakimbia akiburuza chuma chenye ncha kinachoruka nyuma yake.

Nanga ya kufukia ndiyo inayofaa. Chimba mtaro wa kina cha sentimita 60. Chukua gogo la urefu wa sentimita 60 na unene wa sentimita 10, au mfuko imara uliojaa mchanga, uzungushie mkanda bapa katikati, uulaze, urudishe mchanga kwa tabaka. Kila tabaka limwagiwe maji na kukanyagwa. Mchanga mkavu unatiririka, ulioloa unashikamana. Kitanzi cha mkanda kitokeze juu katikati, sentimita 10 tu, kwani kitanzi kirefu kinampa mbwa wenzo wa kukinyanyua. Vuta kutoka pande zote, ukiwa umeinama, sababu mbwa anavuta akiwa chini.

Kwenye nanga inakuja karabina, pete inayozunguka, kipande cha mpira, kisha kamba, jumla mita 2. Mpira ukivutika unaongeza nusu mita, mwili wa mbwa mita 1: duara la mita 3.5 ndilo liwe tupu. Maji ya ziwa yawe nje ya duara hilo. Mbwa aliyefungwa akiingia majini anaweza kuzungusha kamba miguuni na kushindwa kuinua kichwa.

Kwa kamba ya chini, mkanda mgumu kidogo uliofunikwa plastiki ni bora kuliko kamba laini, kwa kuwa haujikunji kuzunguka mguu. Waya wa chuma unamfaa anayetafuna, ila kagua plastiki yake kwa kuipitisha ndani ya kitambaa. Nyuzi zilizochomoza zinanasa kitambaa kabla hazijanasa ngozi. Mchanga unaingia kwenye pete zinazozunguka na kuzigandisha. Zisuuze kwa maji safi asubuhi na jioni, uzizungushe kwa kidole.

Kivuli ndilo tatizo kubwa la ufukweni. Jua husogea digrii 15 kila saa, na kivuli cha turubai kilichomfunika mbwa saa sita mchana kimeshamwacha saa tisa. Mbwa aliye huru angejihamisha, huyu hawezi. Panga turubai kwa kuangalia jua litakapokuwa, na rudi kupima kila nusu saa. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39.2, likipita 41 ni dharura. Akihema kwa nguvu bila kutulia, mate yakiwa mazito, fizi nyekundu sana, akiyumba, mwondoe juani, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo ukiendelea kumpoza njiani. Mbwa wenye pua fupi hufika hapo mapema zaidi.

Ikiwa una mbwa wawili, duara zao zisigusane. Kamba mbili zinazopishana husokotana wakicheza, na mmoja anaponyongwa mwingine anavuta zaidi kwa woga.

Siku ya 3: mawe na ngurumo

Mwinuko hauna udongo wa kigingi wala nafasi ya kuchimba. Nanga ni jabali lenyewe: kubwa kiasi kwamba watu wawili hawalitikisi, lililozama ardhini, lenye kiuno ili mkanda usipande juu. Kila ukingo mkali utakaogusa mkanda uwekewe kipande cha zulia au mpira wa bomba. Kamba iliyokazwa ikisuguana na jiwe lenye makali hukatika haraka kuliko inavyoaminika.

Kitu cha kupima kwa makini zaidi leo ni kushuka. Mbwa aliyefungwa juu ya ukingo, ukuta mfupi, gogo kubwa au nyuma ya gari lililo wazi anaweza kuruka upande wa pili na kuning'inia. Duara la mita 3.5 liishe mita 3 kabla ya ukingo wowote. Kama eneo halitoshi, fupisha kamba hadi mita 1.2 na ukae naye.

Mawe hushika joto. Weka mgongo wa mkono wako juu yake kwa sekunde 7. Ukishindwa, nyayo zake pia zinaungua. Mtandikie mkeka.

Njia ya wapita njia iko karibu na kambi hii, kwa hiyo nanga inawekwa upande wa pili wa hema. Mbwa aliyefungwa anajua hawezi kukwepa, na mpole kabisa anaweza kubweka au kuuma anaposogelewa na mgeni au mtoto. Acha angalau mita 2 kati ya mwisho wa duara lake na njia, na mweke mahali anapokuona.

Mawingu yakijikusanya, mfungue mapema. Ngurumo ya kwanza ndiyo inayotoa mbwa kwenye mikanda mibovu. Waya wa chuma ulionyooshwa kati ya miti si mahali pa kiumbe yeyote wakati wa radi. Anaingia ndani ya gari lililofungwa vioo, nawe pia. Mvua ikiisha, usimrudishe bila jaribio jipya. Udongo umelainika, na nailoni iliyoloa imerefuka na kupungua nguvu. Poliesta haibadiliki sana, sababu tuliyoichagua.

Akitoroka licha ya yote, usimkimbize. Kaa chini, mwite kwa sauti ya kawaida, geuka uelekee upande mwingine. Asiporudi, acha nguo uliyoivaa na maji pale pale alipokuwa, na mtu mmoja abaki kambini wakati wengine wanatafuta.

Siku ya 4: kufungua

Mbwa anapandishwa garini kwanza, na kamba zinafunguliwa baadaye. Watu wanapokusanya vitu mbwa husisimka, na huo ndio wakati anapochomoka. Fukua gogo na ujaze shimo lililobaki. Toa mikanda yote mitini.

Nyumbani, suuza kila kitu kwa maji baridi, anika kivulini. Pitisha kamba yote kati ya vidole: sehemu iliyobonyea, iliyokakamaa, yenye doa la kuyeyuka au alama za meno inakatwa na kutupwa. Kamba ya mpira ikionyesha nyuzi zilizokatika ndani ya ala yake inaondolewa hata kama bado inavutika. Karabina ambayo skrubu yake inakwama inaoshwa na kutiwa mafuta. Ikiendelea kukwama hairudi mfukoni. Mwisho inua miguu ya mbele ya mbwa uangalie kwapa. Wekundu hapo unamaanisha mkanda ulegezwe au usogezwe nyuma kabla ya safari nyingine.